Kimya Hakuwa Mkaidi

Mama alikuwa fundi cherehani. Baba alikuwa fundi wa friji. Mama alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Baba alifanya kazi zake uani, katikati ya milango ya friji, nyaya na mabomba membamba ya shaba. Wateja wa mama waliingia kwa mlango wa mbele, wa baba kwa mlango wa nyuma. Siku moja mtu mmoja alikosea mlango. Kabla hajaeleza kwamba friji lake halipozi, mama alikuwa ameshampima kiuno.

Binti yao alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu utotoni hakuwa msemaji, basi wakamwita Kimya, na jina likamganda. Alipenda kukata vitambaa. Mama alichora mstari kwa chaki, Kimya akapitisha mkasi, na kitambaa kilikatika sawasawa bila kupinda.

Shida ilikuwa kumtuma.

Asubuhi moja baba alimwita uani. Alikuwa ameinama nyuma ya friji, bisibisi mkononi. Akamwambia kwa pumzi moja: "Nenda kwa fundi wa chuma, lakini kabla hujafika pita dukani uchukue utepe mweusi, siyo ule mpana, halafu mwambie fundi ile kazi ya jana aiache kwanza mpaka nije, na ukirudi mwambie mama yako mteja wa friji jeupe atakuja mchana."

"Ndiyo, baba," Kimya alisema.

Alirudi na utepe mpana. Baba alimwuliza fundi wa chuma amesemaje. Kimya akatazama chini. Baba akauliza tena, safari hii kwa sauti ya juu.

"Sijui," Kimya alisema.

Baba alimgeukia mama. Alisema mtoto huyu anamfanyia makusudi. Masikio anayo, kichwa anacho, ni ukaidi tu. Mama alikuwa amechoka kumtetea.

Shuleni mambo yalikuwa hivyo hivyo. Walimu walisema hasikilizi. Akiulizwa swali alinyamaza, au alicheka. Kusoma nako kulimshinda. Aliweza kutaja herufi moja moja, lakini alipofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ulikuwa umeshampotea. Akaanza kutega masomo. Kisha akaacha shule kabisa, na hakuna aliyemfuata kumrudisha.

Akapata marafiki. Walikuwa wasichana wakubwa kuliko yeye, na hawakumwuliza maswali. Kimya alipenda hilo. Jioni moja wasichana hao walivunja dirisha la duka la simu, wakachukua simu, wakakimbia. Kimya alikutwa nje ya duka, ameshika begi. Askari walimwuliza wenzake ni akina nani. Hakujibu. Wakaandika kwamba ni jeuri.

Mahakamani hakimu alimhurumia. Hakumpeleka kwenye kizuizi cha watoto. Alimpa mwaka mmoja wa uangalizi, akiwa nyumbani kwao. Lakini siku hiyo kesi zilikuwa nyingi, na hakimu alisoma amri yake haraka haraka.

"Hutakaribia eneo la tukio. Utaripoti kwa afisa wa ustawi wa jamii kila baada ya wiki mbili. Ukikiuka masharti haya, amri itatenguliwa na utapelekwa kizuizini. Umeelewa?"

"Ndiyo," Kimya alisema.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, na feni ilikuwa inapiga kelele juu ya kichwa chake. Alielewa tu kwamba mwanawe anarudi nyumbani. Alipomwuliza karani kama kuna la ziada, karani alisema binti ameshaelezwa kila kitu.

Miezi miwili baadaye afisa wa ustawi alibisha hodi. Alikuwa kijana mpole, mwenye vijana wengi wa kuwaangalia na pikipiki moja iliyochoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema habari si nzuri. Kimya hakuwahi kuripoti hata mara moja. Yeye afisa alimtumia ujumbe wa simu mara mbili, hakujibiwa. Tena mwenye duka la simu analalamika kwamba anamwona binti huyo akipita mbele ya duka lake karibu kila siku.

"Mara ya kwanza nilimtetea, mama," alisema. "Safari hii sina la kusema. Wiki ijayo anarudi kwa hakimu."

Baba alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi. Akamwuliza Kimya kwa nini hakwenda kuripoti. Mwishowe Kimya akasema, "Mimi si mchongezi."

Hakuna aliyeelewa. Baba alidhani anawadhihaki. Akatoka nje, akaupiga mlango.

Afisa hakuondoka. Aliuzungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, akifikiri. Kisha akamwambia mama kwamba kuna mwanamke kutoka chuo kikuu ambaye huja ofisini kwao kila wiki. Anafanya utafiti kuhusu lugha na kusoma kwa vijana waliopata matatizo kama ya Kimya. Watu humwita Dokta. Pengine amsikilize Kimya kabla hajafika kwa hakimu.

Mama alisema wataenda. Hakuwa na njia nyingine.

Chumba cha Dokta kilikuwa stoo zamani. Kilikuwa na meza, viti vitatu, na dirisha dogo lililotazama mahali pa kuegeshea baiskeli. Dokta alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaribia kustaafu. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba.

Kimya alisimama mlangoni akichungulia mezani. Mama alimwuliza anatafuta nini.

"Sindano," Kimya alinong'ona.

Dokta alicheka, si kwa kumcheka. Alieleza kwamba yeye si daktari wa sindano. Watu wakisoma sana kule chuo kikuu hupewa jina hilo hilo la dokta. "Mimi sina dawa," alisema. "Nina picha na maneno tu. Kaa."

Kwanza alizungumza na mama. Alimwambia kwamba angependa kumpima Kimya lugha na kusoma. Majibu yatamsaidia Kimya, na pia yataingia kwenye utafiti, lakini bila jina lake. Mama anaweza kukataa. Kimya naye anaweza kukataa, hata katikati. Wakikataa, hakuna atakayewaadhibu, na kesi haitaharibika kwa sababu hiyo. Mama aliuliza mara mbili kama ni kweli. Dokta akamjibu mara mbili, bila kuchoka. Mama akakubali. Kimya naye akakubali.

Dokta alimwonyesha Kimya picha, akamwomba aoneshe ile ya mtoto anayesukumwa na mbwa. Kimya alionesha mtoto anayemsukuma mbwa. Alimsimulia kisa kifupi, kisha akamwomba akisimulie yeye. Kimya alikumbuka mwisho tu. Alimpa maneno ayaeleze. "Mkasi" alieleza vizuri, hata na aina zake. "Shahidi" hakulijua. "Sharti" hakulijua.

Katika muda huo wote, Dokta akiuliza swali alinyamaza. Hakuharakisha. Mama alikuwa akiwashwa ulimi, anataka kumjibia mwanawe, lakini Dokta alimzuia kwa mkono, polepole. Na mara nyingi jibu lilikuja, limechelewa, lakini lilikuja.

Kisha Dokta aliuliza, "Kimya, hakimu alisema uripoti. Kuripoti ni kufanya nini?"

Kimya alifikiri. "Ni kumsemea mtu. Shuleni walikuwa wanasema, nitakuripoti kwa mwalimu. Mimi sikutaka kumsemea mtu."

Mama akaweka mkono mdomoni.

"Na eneo la tukio ni wapi?"

"Kwenye njiapanda," Kimya alisema. "Pale lori lilipopinduka. Redio ya mama ikisema eneo la tukio, ni ajali. Sipiti pale. Mama akinituma uzi, nazunguka kwa nyuma." Akapumua. "Nazunguka kwa duka la simu."

Nje mtu alikuwa anafungua kufuli ya baiskeli. Kumbe Kimya alikuwa anamtii hakimu kila siku, kwa jua na kwa mvua, akirefusha njia ili asivunje amri. Machozi yalimtoka mama. Dokta alimwachia nafasi alie.

Mama alipotulia, aliuliza swali lililokuwa linamsumbua. Je, ni yeye aliyekosea? Alikuwa mtu wa cherehani, mchana kutwa, hakupata muda wa kuzungumza na mtoto.

"Hapana, Mama Kimya," Dokta alisema. "Si malezi yako. Wala si ujinga wake, wala si ukaidi. Wapo watoto ambao lugha huwapa shida tangu wadogo. Maneno yakija mengi kwa pamoja, yanamwagika. Wakitaka kusema, hayapangiki. Ukiambiwa maneno yasiyokuingia, na watu wote wanakutazama, utafanya nini? Utasema ndiyo, ili waache kukutazama."

Alisema wengine husema sijui. Wengine hucheka. Wengine hukasirika na kupiga teke kiti. Watu wazima wanaona teke, hawaoni lugha. Na mtoto ambaye lugha inamsumbua hupata shida kusoma pia. Mwishowe anaikimbia shule, na huko nje anakutana na wanaomhitaji kwa kazi zao.

Dokta alishauri Kimya akapimwe masikio hospitalini, kwa sababu usikivu lazima uangaliwe kwanza. Walikwenda kesho yake. Masikio yalikuwa mazima.

Siku mbili kabla ya kurudi mahakamani, Dokta alikwenda nyumbani kwao kuzungumza na baba. Mfuko wa koti la Dokta ulikuwa umechanika, na mama hakuweza kuutazama bila kuushona. Alimvua koti, akakaa nalo kwenye cherehani. Baba alikaa mbali kidogo, mikono kifuani. Aliuliza, bila kuzunguka, mtu msomi kama yeye aliona nini cha maana kwa vijana wa mahakamani.

Dokta hakuchukia swali lile. Aliwasimulia kwamba alipokuwa msichana alifundisha kusoma katika kizuizi cha watoto. Alikwenda kwa sababu hakupata kazi mahali pengine. Huko alimkuta kijana mmoja aliyeongezewa adhabu kwa sababu alicheka mbele ya hakimu. Yeye alimwuliza alicheka nini. Kijana akasema hakujua kinachosemwa, ila aliona watu wote wanamtazama, akaona bora atabasamu.

"Jibu lile halikunitoka," Dokta alisema. "Nikarudi chuoni kulisomea."

Wenzake walimshangaa. Wengine walimwambia vijana wale wanahitaji kazi, si sarufi. Wengine walisema angepata sifa haraka kama angesoma lugha za washairi. Yeye alikwenda kukaa kwenye mabenchi ya mahakama na vituo vya vijana, na kinasa sauti chake. Aliwasikiliza wengi waliofukuzwa shule, waliokaa mitaani, waliolelewa na watu baki. Aligundua kwamba wengi wao walikuwa na shida ya lugha ambayo hakuna aliyewahi kuipima. Aliandika vitabu. Vilisomwa na maprofesa wenzake, wakavisifu, wakavirudisha kabatini. Mahakamani maneno yalibaki magumu vile vile. Alikiri kwamba kuna miaka alitaka kuacha.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa kunung'unika, kwamba hata hivyo mtoto akielezwa jambo mara mia anapaswa kulishika.

Mama alisimamisha cherehani. "Baba Kimya, friji likikataa kugandisha, unalizaba kofi?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

Baba alikawia. "Natafuta gesi inavujia wapi."

"Basi."

Dokta akainamisha uso, akijifanya anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa kifuani. Baba mwenyewe akashindwa, akacheka.

Baada ya hapo alitaka kuelezwa namna ya kufanya. Dokta hakuwa na mengi. Amwite kwanza jina, Kimya amtazame. Amwambie jambo moja, kwa sentensi fupi. Amalize, ndipo atoe la pili. Asiulize "umeelewa", maana jibu la swali hilo ni "ndiyo" siku zote. Amwombe aseme kwa maneno yake mwenyewe anachokwenda kufanya. Na angoje. Kungoja ndiko kugumu kuliko yote, Dokta alisema, hasa kwa akina baba wenye haraka.

Baba alimwita Kimya pale pale. Alimtuma kwa fundi wa chuma kumwambia aje kesho. Kimya alirudia, akaenda, akarudi na jibu. Baba alirudi uani, na mama akamsikia anapiga mluzi.

Siku ya mahakama ilifika. Afisa wa ustawi alisimama, akamweleza hakimu kwamba kuna jambo hawakuliona mapema, yeye mwenyewe akiwamo. Aliomba Dokta asikilizwe. Dokta alieleza kwa ufupi, kisha akasema ni bora binti aeleze mwenyewe, ila mahakama imvumilie.

Kimya alisimama. Hakimu alimwuliza eneo la tukio alilielewa vipi. Kimya akafungua mdomo, hapakutoka kitu. Karani alikohoa. Askari mlangoni akabadili mguu wa kusimamia. Mama alibana pochi yake magotini. Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kungoja kitu, alingoja.

Kimya akasema. Alisema juu ya lori, na njiapanda, na njia ya nyuma. Maneno yake hayakupangika vizuri, lakini yalifika.

Hakimu alivua miwani, akayafuta macho yake. Hakufuta amri yake, maana kosa lilikuwa kosa. Lakini alisema kwamba Kimya hakukiuka kwa makusudi, na hatapelekwa kizuizini. Kisha aliiweka kando karatasi yake, akainama mbele.

"Kimya. Usiende kwenye duka la simu. Usipite mbele yake. Niambie, usiende wapi?"

"Kwenye duka la simu. Nisipite mbele yake."

"Vizuri. Jumatatu hii, nenda ofisini kwa afisa huyu. Ukifika atakwambia Jumatatu nyingine ya kwenda. Utafanya nini Jumatatu?"

Kimya alimwambia. Ilichukua muda mfupi tu.

Baada ya siku ile hakimu alimwita Dokta ofisini kwake. Alimwuliza ni vijana wangapi wamesimama mbele yake wakasema ndiyo. Dokta alimwambia tu kwamba wanaweza kuanza na wanaokuja kesho. Wakaanza. Dokta aliwafundisha makarani, askari na maafisa wa ustawi. Walizigeuza amri ziwe sentensi fupi. Afisa mmoja mzee alilalamika kwamba sheria imepoteza heshima yake. Dokta alimwomba amweleze mjukuu wake nyumbani neno "kutenguliwa", kisha arudi. Alirudi, akakaa kwenye mafunzo mpaka mwisho.

Kila amri mpya ilijaribiwa kwanza kwa vijana wenyewe. Kimya alikuwa mmoja wao. Alisikiliza, akasema neno lipi linamwingia na lipi halimwingii. Dokta alimwambia kwamba katika miaka yote ya utafiti wake, kazi hii ya mwisho ndiyo aliyoitamani tangu mwanzo.

Alasiri Kimya alijifunza kusoma katika chumba kile kilichokuwa stoo. Walianza na maneno ya kazi ya mama yake: kola, pindo, kifungo, mkono. Hayo aliyajua kwa vidole kabla ya kuyajua kwa macho. Hakusoma haraka. Hata sasa hasomi haraka. Lakini ujumbe wa afisa wake anausoma mwenyewe, na wateja wa mama anawaandikia vipimo.

Jioni moja, wakiwa wanakata gauni, Kimya aliweka mkasi chini. Akasema anataka kusema juu ya duka. Mama alizima redio. Hakuuliza chochote. Alingoja.

"Walisema shika begi," Kimya alisema. "Nikashika. Sikujua. Mwanzo sikujua. Dirisha likavunjika, nikajua." Mama akangoja tena. "Nilijua, na sikuondoka. Nataka kumwambia mwenye duka."

Mama alitamani kumwambia kwamba hakuwa na kosa, kwamba yamepita. Hakumwambia. Yalikuwa maneno ya Kimya, na alikuwa ameyatafuta muda mrefu.

Afisa wa ustawi aliomba ruhusa kwa hakimu, ikatoka. Siku waliyopanga alimpeleka Kimya dukani, mama akiwa pamoja nao. Mwenye duka alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya haraka. Hakuwakaribisha. Alisimama nyuma ya kaunta, mikono kiunoni, nyuma yake simu zimepangwa dirishani penye kioo kipya.

Kimya alisema alichokuja kusema. Ilimchukua muda. Mwenye duka alijaribu kumkatiza mara moja, akaona uso wa mama, akaacha. Kimya alipomaliza, mwenye duka aliachia yote yaliyokuwa moyoni mwake: kioo alikinunua kwa shida, usingizi aliupoteza, na tena kama anajutia kweli mbona alikuwa anapita pale kila siku akimtazama, alikuwa anataka nini, na wenzake wako wapi, na yeye atajuaje kwamba hawatarudi?

Mama alishika ukingo wa kaunta. Maneno yalikuwa mengi mno. Alijua kabisa mwanawe atasema nini.

Kimya aliinua uso.

"Hayo ni mengi," alisema. "Sijaelewa yote. Tafadhali sema tena. Moja moja."

Mwenye duka alimkazia macho, akitafuta dharau usoni mwake. Hakuiona. Akavuta kiti kutoka nyuma ya kaunta, akakiweka mbele ya Kimya, naye akakaa kwenye sanduku. Kisha akaanza upya, polepole, na swali la kwanza.